Nani Ajuaye Kwamba Umechoka?



Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake twaijua sote: taabu ya mtu huijua mwenyewe aliye ndani yake. Lakini siku hizi kimetokea chombo kinachodai kuwajua kunguni wa kila kitanda. Ni saa ya mkononi, wala si ile tuliyoizoea, ya kutuambia kwamba ni saa mbili kasorobo na kengele ya shule i karibu. Saa hii huhesabu mapigo ya moyo usiku na mchana, hupima usingizi, na kunapokucha humwambia aliyeivaa: leo una nguvu asilimia 72, fanya kazi, au, leo una asilimia 30 tu, pumzika.

Jambo hili haliko mbali nasi. Vijana wanaokimbia asubuhi Njombe mjini wanazivaa, na wazee nao huletewa na watoto wao walio Dar es Salaam au ng'ambo. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni udereva, alinionyesha ya kwake, akaniuliza: "Mjomba, hii ikisema sijachoka, nami najisikia nimechoka, nimwamini nani?" Swali hilo lina thamani kuliko saa yenyewe. Nitajaribu kulijibu hatua kwa hatua, kama tulivyozoea darasani.

Saa huuonaje uchovu?

Yafaa kwanza tuielewe kazi yake, maana si haki kukihukumu chombo tusichokijua. Igeuze saa hiyo utazame mgongo wake, utaona vijitaa vya rangi ya kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani. Moyo upigapo, damu huongezeka katika vijishipa vya mkono, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Damu ikipungua, mwanga huongezeka. Saa huhesabu kuongezeka na kupungua huko, ikapata mapigo. Kazi ya kupima moyo wa mtu akiwa mwendoni haikuanza jana: mwaka 1982 kampuni ya Polar ya nchi ya Ufini ilitoa kipimo cha mapigo ya moyo kisicho na waya, ambapo mkanda wa kifuani ulipeleka habari kwenye saa ya mkononi.

Lakini hesabu ya mapigo peke yake haitoshi. Wataalamu walitambua jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa, kwamba moyo wenye afya haupigi kama hatua za askari wa gwaride. Ukivuta pumzi moyo huharakisha kidogo, na ukiitoa hutulia. Kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika. Kwa kawaida, mtu aliyepumzika vema nafasi zake hutofautiana zaidi. Mwenye homa, mwenye mashaka, aliyefanya kazi ya kupita kiasi au aliyelewa, nafasi zake hukaribia kulingana, kwa sababu mwili wake umeshikwa na hali ya kupigana au kukimbia, hata akiwa amelala kitandani.

Saa huchukua habari hiyo, ikaongeza mwendo wa mchana na usingizi wa usiku, ikavipika vyote katika chungu kimoja, kisha ikapakua tarakimu moja. Kampuni ya Garmin tangu mwaka 2018 huiita tarakimu yake betri ya mwili, nayo hufikia 100. Kampuni ya WHOOP ya Marekani hutumia rangi tatu kama taa za barabarani: kijani, manjano na nyekundu. Oura ya Ufini hufanya kazi kama hiyo kwa pete ya kidoleni.

Angalieni basi: hakuna mahali ambapo saa imeipima nguvu yenyewe. Dereva wa lori huchomoa kijiti akaona oili imefika wapi. Saa haina kijiti hicho. Yafanana zaidi na fundi aliyesimama kando ya barabara kuu pale Makambako, akasikiliza mlio wa injini lori linapopanda mlima, akasema, "Hili limechoka." Fundi hodari hupatia mara nyingi. Hata hivyo, boneti hajaifungua.

Hupatia kwa kiasi gani?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vyombo saba vya namna hii kwa watu 60. Katika kuhesabu mapigo ya moyo, vyombo sita kati ya saba vilikosea chini ya asilimia 5. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini katika kukadiria nguvu ambayo mwili umeitumia, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kilichoshika mkia kilikosea kwa asilimia 93. Mwalimu akisahihisha hesabu kwa namna hiyo, wazazi wangejaa ofisini asubuhi yake. Vyombo vimeendelea tangu wakati ule, lakini fundisho limebaki: kuhesabu ni kitu kimoja, na kukadiria ni kitu kingine.

Wako wanaouliza kama mwanga huo husoma sawasawa katika ngozi nyeusi. Ni swali la haki. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba vile vipimo vya oksijeni vinavyobana kidole hospitalini viliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walizijaribu saa za mkononi kwa watu wa rangi mbalimbali, nao katika mapigo ya moyo hawakuona tofauti kubwa iliyotokana na rangi. Kilichoharibu hesabu zaidi ni mwendo wa mkono. Sisi wa nyanda za juu tuongeze baridi yetu: asubuhi ya mwezi wa Julai, mikono imekufa ganzi na damu imeikimbia ngozi, mwanga hauna mengi ya kusoma.

Kwa upande wa pili, tuipe saa haki yake. Yako mambo inayoyaona mapema. Homa inayonyemelea huufanya moyo uende mbio usiku kabla mtu hajalala kitandani kwa ugonjwa. Na ulanzi nao haujifichi. Mtu aweza kumwapia mkewe kwamba amekunywa kikombe kimoja tu, lakini saa yake imeuona moyo ukihangaika hadi alfajiri.

Taabu iko katika ile tarakimu moja. Sisi tuliosahihisha madaftari miaka mingi twajua alama inavyoficha. Mtoto aliyepata 40 kwa kuwa hakuelewa somo, na mtoto aliyepata 40 kwa kuwa usiku kucha alimwuguza mama yake, katika ripoti wana 40 ile ile. Alama hiyo si ya uongo. Ila mwalimu anayeishia hapo, asimwite mtoto na kumwuliza, bado hajamjua mtoto.

Ushahidi kutoka nchini kwetu

Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao wengi wao bado huwinda na kuchimba mizizi. Watafiti, mmoja wao akiitwa David Samson, waliwaomba wavae mkononi vyombo vya kupima usingizi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Ilionekana kwamba walilala zaidi kidogo ya saa sita kwa usiku, na usingizi wao ulikatika mara kwa mara. Kwa vipimo vya nchi tajiri, huo ni usingizi hafifu. Tena, katika watu wazima 33 waliofuatwa kwa siku 20, dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu kwa jumla. Karibu wakati wote alikuwapo mtu aliye macho au aliyelala usingizi mwepesi, na hivyo kambi ikawa na mlinzi bila mtu kupangiwa zamu.

Na wenyewe je? Walipoulizwa, hawakulalamika kwamba wana shida ya usingizi.

Nani basi aliyesema kweli? Chombo hakikudanganya, na Wahadzabe hawakudanganya. Chombo kilisema kwamba usingizi ulikatika. Wao walisema kwamba hawakuona shida. Hayo ni mambo mawili. Mwongo angekuwa mtu wa tatu, yule ambaye angechukua kipimo cha mji mmoja akakifanya kuwa sheria ya kambi nyingine, kisha akawaambia watu wazima wenye akili zao kwamba wamechoka nao hawajui.

Iko hatari kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Colorado, Marekani, walichapisha habari za jaribio walilolifanya kwa wanafunzi. Wengine waliambiwa kwamba vipimo vimeonyesha usingizi wao wa jana ulikuwa bora, na wengine kwamba ulikuwa hafifu. Maneno hayo yalikuwa ya kubuni tu. Lakini walioambiwa kwamba walilala vibaya walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili, na kile walichokisema wenyewe juu ya usingizi wao hakikuleta tofauti. Neno la chombo liliwachosha watu wasiochoka. Na mwaka 2017 wataalamu wa Chicago waliandika juu ya wagonjwa waliohangaika kuutafuta usingizi kamili unaotakiwa na saa zao, hata wakazidi kuukosa.

Mtu anayeamka kila siku na kuutazama mkono wake kabla ya kujisikiliza ana jambo la kupoteza. Uwezo wa kujisikiliza hufifia kama lugha isiyosemwa nyumbani. Haufi siku moja, lakini siku utakapouhitaji utaukuta umebaki salamu tu.

Lakini mwenyewe naye hujidanganya

Je, tuseme basi kwamba mwenyewe ndiye ajuaye, na saa itupwe? Hapana. Katika michezo, naam, neno la mwenyewe lina uzito mkubwa. Mwaka 2016 wataalamu walilinganisha tafiti 56 juu ya wanamichezo, wakaona kwamba maelezo ya mchezaji mwenyewe, namna anavyojisikia, yaliyaonyesha mazoezi aliyoyabeba vizuri kuliko vipimo vya damu na moyo. Lakini hao ni watu wanaoulizwa kila siku na wamezoea kujibu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya watu waliolala saa sita au pungufu kwa usiku 14 mfululizo. Umakini wao ulipungua siku hata siku, hadi ukafanana na wa mtu aliyekesha, na kwa wengine ukafanana na wa aliyekesha usiku mbili. Walipoulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu.

Twende Makambako tuone maana yake. Mji huu uko pale ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inakutana na barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, na pale pale inachepuka njia ya Njombe na Songea. Malori hayaishi usiku wala mchana. Mwulize dereva aliyetoka Dar es Salaam, macho mekundu, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Atakujibu, "Mimi niko sawa, mzee, naingia Tunduma kabla ya asubuhi." Naye anaamini asemalo. Kitanda amekilalia mwenyewe, na bado kunguni hawaoni, kwa sababu uchovu huanza kwa kumlevya yule yule ambaye angeutambua.

Hapo saa ikiwaka nyekundu, ni rafiki. Ila ikiwaka kijani isiwe hati ya kusafiria, maana haijui kwamba mvua imenyesha wala kwamba ukungu umeshuka barabarani. Yuko shahidi mwingine ameketi kando yake, naye ni utingo. Utingo amemwona bosi wake akipepesa macho, akiuliza jambo lile lile mara mbili, akikanyaga mstari wa katikati ya barabara. Ushahidi huo haumo katika vijishipa vya mkono. Umo kwa jirani anayekutazama kwa upendo, au walau kwa kuipenda roho yake mwenyewe.

Mashahidi basi ni watatu: chombo, mwenyewe na jirani. Wakikubaliana, amini. Wakipishana, na kazi iliyo mbele yako yaweza kuua, msikilize yule anayesema umechoka, awaye yote kati yao. Ukipumzika bila haja, utapoteza saa mbili tatu. Usipopumzika penye haja, twaweza kukusanyika kaburini. Makosa hayo hayalingani, kwa hiyo mashahidi nao wasihesabiwe kama kura.

Swali ambalo hakuna kipimo chake

Hata hivyo, kujua kwamba umechoka hakukuambii la kufanya. Mwaka 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki huko Meksiko, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti vibaya. Akafungwa bandeji, akaendelea kukimbia na kuchechemea hadi uwanjani, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Saa yoyote ya leo ingemwambia akome, na kuhusu mwili wake ingekuwa imesema kweli. Lakini sababu iliyomfanya asikome haikuwamo katika mapigo ya moyo. Vivyo hivyo mama anayekesha na mtoto mwenye homa. Anajua kwamba hana nguvu tena, na bado anaamka, na sisi twamsifu kwa haki.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mfano wa Akhwari ni mzuri, lakini usigeuzwe fimbo ya kumpigia kila aliyechoka. Yeye alichagua mwenyewe. Kujitoa ni zawadi, na zawadi huitoa mwenye mali. Mwingine akiidai, imekwisha kuwa kodi.

Na wako wengi ambao hawakuchagua. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo, kule Luponde au Lupembe, mvishe saa hiyo mwezi mmoja. Itawaka nyekundu, naye atacheka, kwa kuwa habari hiyo anayo tangu juzi. Mama anayerudi na mzigo wa kuni kichwani, akakuta sufuria tupu zinamngoja na watu wameketi, naye hana upungufu wa habari. Amepungukiwa na mtu wa kumpokea mzigo.

Ndugu zangu, saa zenyewe hazinitishi. Ninachokiogopa ni siku ambayo uchovu hautaaminiwa mpaka uwe na tarakimu: msimamizi amwambie kibarua, "Umewaka kijani, endelea", mume amwambie mkewe, "Nionyeshe hiyo asilimia." Siku hiyo mwenye saa atabishana na mkono wake mwenyewe, na asiye na saa atakuwa hana shahidi kabisa. Eliya, alipokimbilia jangwani akalala chini ya mti akitamani kufa, hakutakiwa athibitishe kwanza kwamba amechoka. Aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale tena, na hapo ndipo safari ikatajwa.

Tufanyeje basi? Mwenye saa na aivae, bila aibu wala kiburi. Aamkapo ajiulize kwanza, "Leo naonaje?" na akishajibu ndipo atazame, maana anayetazama kabla ya kujibu ni kama mwanafunzi anayefunua majibu nyuma ya kitabu. Isimpe ruhusa ya kukwepa wajibu wake kwa kuwa imewaka nyekundu, wala isimpe ujasiri wa kushika usukani kwa kuwa imewaka kijani. Ajuaye kwamba ana shida ya moyo aende hospitali, maana saa si daktari.

Asiye na saa hajapungukiwa na kitu kikubwa, mradi anao watu wa kumwambia kweli, naye hukubali kuambiwa. Na sisi sote, wenye saa na wasio nazo, tujizoeze jambo moja lisilonunuliwa dukani. Mtu akituambia, "Nimechoka," tusimdai hesabu. Tumpokee mzigo kwanza.